Kanisa la Amiri wa Palermo

Kila ninaposikia mtu akiusifu mji wa Palermo wa karne ya 12, kwamba Waarabu, Wagiriki na Walatini waliishi humo kama ndugu wa tumbo moja, huuliza swali ambalo marehemu baba angeliuliza: mafundi walilipwa na nani, na wao wenyewe waliishia wapi? Baba alikuwa mwashi wa Mji wa Kale, Mombasa. Alijua kuchoma matumbawe mpaka yawe chokaa, kuiloweka, na kuingoja ikomae kabla ya kuipaka ukutani. Kwake hapakuwa na kitu kinachoitwa mtindo. Palikuwa na mwenye mali, fundi, vibarua, na deni. Nimelitazama Kanisa la Santa Maria dell'Ammiraglio, yaani la Bibi Maria wa Amiri, kwa jicho hilo la baba, na nitalieleza hivyo hivyo.

Kanisa liko Piazza Bellini, katikati ya Palermo ya zamani, kisiwani Sisilia. Mgeni asiyejua anaweza kulipita, kwa sababu uso wake wa mbele ni wa mwaka 1752, wenye mapambo mazito ya wakati ule, na hausemi lolote kuhusu kilichomo ndani. Jirani yake, San Cataldo, ndilo linalopigwa picha: kanisa dogo la mawe matupu, lenye kuba tatu nyekundu zilizopangwa mstari mmoja. Hilo nalo tutalifikia. Kinachobaki cha kale kwa nje katika kanisa la Amiri ni mnara wa kengele, wenye madirisha pacha, matao na nguzo nyembamba pembeni. Mnara huo hauna kichwa. Kuba yake ya juu ilianguka kwa tetemeko la ardhi la mwaka 1726, na haikurudishwa.

Ukiingia, ukapita sehemu iliyoongezwa baadaye, unafika penye jengo lenyewe la yule Amiri, George wa Antiokia. Ni dogo kuliko sifa zake. Ramani yake ni ya Kigiriki: chumba cha mraba, nguzo nne katikati, na juu ya nguzo hizo kuba. Lakini matao yanayobeba kuba si ya Kigiriki. Yamechongoka, kama yale ya Misri na ya Ifrikiya, nchi tunayoiita leo Tunisia. Na hapa mtoto wa mwashi husimama, kwa sababu tatizo la kuba ni lile lile popote duniani: chumba kina pembe nne, kuba ni duara, na huwezi kukalisha duara juu ya mraba bila kitu kushuka katika zile pembe. Wajenzi wa Palermo walitumia njia waliyoizoea Waislamu wa Afrika ya Kaskazini. Kila pembe walijenga vijitao, kimoja ndani ya kingine, vikitoka nje kidogo kidogo mpaka pembe nne zikawa nane, na nane zikaweza kubeba duara. Halafu wakaja mafundi wa Kigiriki wakafunika kila kitu kwa vipande vidogo vya kioo na dhahabu. Katika kuba ameketi Kristo, na malaika wanne wameinama kumzunguka, wamejikunja kwa namna ambayo mwili wa binadamu haukunjiki. Kwa macho yangu hao malaika ndio kazi dhaifu kuliko zote humo ndani. Nyuso za manabii zilizo chini yao ni bora zaidi.

Nguzo nazo zina hadithi. Hazilingani. Vichwa vyake havifanani, kwa kuwa zilitolewa katika majengo ya zamani zaidi, kama ilivyokuwa desturi ya mji huo. Kwenye kanisa kuu la Palermo, mwendo mfupi kwa miguu, kuna nguzo barazani iliyochongwa aya ya Qur'ani, kutoka Sura ya 7, na imebaki pale pale kwenye mlango wa kuingilia ibadani. Hakuna aliyejisumbua kuifuta. Sidhani ulikuwa uvumilivu. Nguzo nzuri ya mawe ni ghali, na fundi aliyepewa nguzo huisimamisha.

Nilikwenda na binti wa ndugu yangu, anayeishi Italia miaka mingi. Alipoona matao akaniuliza, "Ami, kwani hili lilikuwa msikiti?" Ni swali la kila mtu, na hapa Palermo lina haki ya kuulizwa, maana kanisa kuu lenyewe liligeuzwa kuwa msikiti wa Ijumaa Waarabu walipouteka mji mwaka 831, kisha likarudishwa kuwa kanisa Wanormani walipouteka mwezi wa Januari 1072. Lakini hili la Amiri halikuwa msikiti hata siku moja. Lilijengwa tangu msingi, na Mkristo, kwa ajili ya Wakristo.

Na bado lina Kiarabu. Chini ya kuba, pale duara linapoanza, kuna mbao zilizozunguka zenye maandishi ya Kiarabu. Zilionekana tena wakati wa ukarabati wa karne ya 19. Kutoka sakafuni huyasomi. Ni madogo na yako juu mno. Wataalamu walioyasoma walikuta sifa za Mungu kama zinavyoimbwa katika ibada ya Wakristo wa Kigiriki, zimetiwa katika Kiarabu. Nililelewa madrasani, na kwa muda mrefu Kiarabu kwangu kilikuwa lugha ya dini moja. Kwa Wakristo wa Antiokia, Damasko na Aleksandria haikuwa hivyo. Walikuwa wakimsifu Kristo kwa Kiarabu miaka mingi kabla Mnormani wa kwanza hajatia mguu Sisilia. Mwenye kanisa hili alikuwa mmoja wao.

George alizaliwa Antiokia, mtoto wa Mikaeli, katika jamii ya Wakristo wa Kigiriki waliozungumza Kiarabu. Baba na mtoto walikuwa watu wa hesabu. Walihamia Mahdia, bandari ya Ifrikiya, wakaajiriwa na Sultani Tamim wa ukoo wa Zirid kusimamia mapato yake. Tamim alipofariki mwaka 1108 na mwanawe Yahya kushika nchi, hali ilibadilika. Mtunza hesabu wa mtawala aliyepita hujua mengi kupita kiasi. Waandishi wa Kiarabu wanasimulia kwamba jamaa wa George walivaa mavazi ya mabaharia, wakangoja siku ya Ijumaa, watu wakiwa msikitini, ndipo wakapanda chombo cha kutoka Sisilia. Watu walipotoka kwenye sala, mabaharia wale walikuwa baharini.

Sisilia ilikuwa inamhitaji mtu kama huyo. Wanormani walikuwa wapiganaji kutoka kaskazini mwa Ufaransa, wachache, hodari wa kupanda farasi na kuvunja ngome. Walimaliza kukiteka kisiwa mwaka 1091, Noto ulipoanguka. Kuteka ni jambo moja, kukusanya kodi ni jingine. Wakulima wengi walikuwa Waislamu, mashariki kulikuwa na Wagiriki wengi, na vitabu vyote vya ardhi na kodi vilikuwa vya Kiarabu na Kigiriki. Bila watu wanaojua lugha hizo, mshindi angekaa juu ya mali asiyoweza kuihesabu. George alianza chini, akatumwa Misri kama mjumbe, akaonyesha akili, na baadaye Mfalme Roger wa Pili akamfanya amiri wa maamiri, mkubwa wa serikali yote na wa meli zote baada ya mfalme mwenyewe.

Wengi wanaoandika juu ya kanisa hupita maisha ya amiri kwa sentensi mbili. Mimi naona ndiyo msingi wa jengo. Mwaka 1123 alikuwa katika msafara wa kwanza wa kuishambulia Mahdia, ukashindwa vibaya. Hakusahau. Mwaka 1135 meli za Sisilia zikachukua kisiwa cha Jerba. Mwaka 1146 Tripoli ya Libya. Mwaka 1147 alivuka hadi nchi ya Wagiriki, akapora Thebes na Korintho, na pamoja na mali akabeba mafundi wa hariri, wanaume kwa wanawake, akawaleta Palermo kufuma katika karakana ya mfalme. Hao hawakuitwa kwa barua ya kazi.

Kisha 1148 akarudi Mahdia. Afrika ya Kaskazini ilikuwa imepigwa na njaa ya miaka, watu wakifa na wengine wakikimbilia Sisilia hiyo hiyo kutafuta chakula. Ibn al-Athir anaeleza kwamba njiani, kisiwani Pantelleria, George alikamata chombo cha Mahdia chenye njiwa wa kupeleka habari. Akawalazimisha waliomo waandike kwamba meli za Wanormani zimeelekea Konstantinopoli, akawarusha njiwa. Mji ukalala usingizi. Upepo ulipomchelewesha na meli zake zikaonekana mchana, mtawala al-Hasan aliondoka na watu wake na alichoweza kubeba, na George akaingia bila vita. Askari waliachwa wapore kwa saa mbili, kisha akatangaza amani. Akaingia katika kasri ambalo ujanani aliandika hesabu zake.

Mtu huyo ndiye aliyejenga kanisa la dhahabu. Hati yake ya kuliwekea mali, ya mwezi wa Mei 1143, imeandikwa kwa Kigiriki na Kiarabu. Ndani, katika picha ya mozaiki, anaonekana amesujudu miguuni pa Bibi Maria, mzee mwenye ndevu, na Maria ameshika karatasi ya maandishi ya Kigiriki akimwombea kwa Mwanawe yeye na nyumba yake. Mwili wake katika picha hiyo umeharibika na kutengenezwa baadaye na fundi asiyejua, kwa hiyo amiri aliyeteka miji ya pwani ya Afrika ya Kaskazini anafanana na kobe. Ng'ambo yake yuko Mfalme Roger, amevaa mavazi ya kaisari wa Kigiriki, Kristo mwenyewe akimwekea taji. Juu ya kichwa chake yameandikwa maneno ya Kilatini kwa herufi za Kigiriki: Rogerios Rex. Papa hayumo katika picha. Ni siasa, na imesemwa wazi kabisa: ufalme huu umetoka kwa Mungu moja kwa moja.

Mwenye mali, basi, tunamjua. Mafundi je? Walioweka mozaiki waliletwa kutoka dunia ya Wagiriki. Waliochonga mbao na kupiga matao walikuwa wa kisiwani au wa ng'ambo, Misri na Ifrikiya. Kazi yao kubwa kuliko zote haimo katika kanisa hili; imo katika kikanisa cha kasri, Cappella Palatina, kilichowekwa wakfu mwaka 1140. Juu ya ukumbi wake kuna dari ya mbao iliyochongwa vijipango vinavyoning'inia, safu juu ya safu, kama inavyochongwa katika nchi za Kiislamu, na kila kijipango kimechorwa. Wamo wanywaji wenye bilauri, wapiga ngoma na zumari, wachezaji wa sataranji, wanawake wanaochungulia dirishani, ngamia, tausi, na pembezoni khati ya Kufi inayomtakia mfalme afya, ushindi na baraka. Chini ya dari hiyo padre alisoma misa kwa Kilatini. Baba angependa dari hiyo. Angeuliza pia ilikaaje miaka karibu 900 bila mchwa.

Hapo hapo Palermo, katika kasri hilo hilo, aliketi mtu ambaye sisi wa pwani ya Afrika ya Mashariki tuna deni kwake. Al-Idrisi, sharifu kutoka Magharibi ya Kiarabu, aliandika kwa amri ya Roger kitabu cha jiografia ya dunia, akakimaliza mwanzoni mwa 1154, majuma machache kabla ya mfalme kufariki. Kitabu hicho kinataja Malindi na Mombasa. Kinasema habari za uvuvi wa Malindi, za machimbo ya chuma, na za watu wa Mombasa wanaowinda wakiwa na mbwa wekundu wasioogopa chui. Al-Idrisi hakufika kwetu. Aliuliza mabaharia na wafanyabiashara. Ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo kabisa yanayoutaja mji niliozaliwa kwa jina lake, na aliyelipia karatasi na wino ni mfalme yule yule anayevikwa taji na Kristo katika mozaiki ya George. Katika ramani zake kusini iko juu, kwa hiyo Afrika ndiyo inayoketi kichwani.

George alifariki mwaka 1151. Miaka 33 baadaye akaja mgeni aliyeacha maelezo bora ya kanisa lake, na hakulipenda, au tuseme alilipenda kinyume na moyo wake. Ibn Jubayr, katibu kutoka Granada, alikuwa akirudi kutoka Hija. Chombo chake cha Wajenoa kilivunjika karibu na Messina mwezi wa Desemba 1184. Wenye vyombo vya kuokolea walidai malipo kabla ya kumtia mtu ndani, na Waislamu maskini hawakuwa nacho. Mfalme William wa Pili, aliyekuwapo pwani, akatoa fedha waokolewe. Siku ya Krismasi Ibn Jubayr alikuwa Palermo, akaingia katika kanisa aliloliita la Mwantiokia. Akaandika kuhusu kuta zilizovikwa dhahabu, marumaru za rangi, madirisha ya juu ya kioo yanayotia macho kiwi, na mnara uliosimama juu ya nguzo za marumaru. Akakiri kuwa jengo linafitini nafsi, akamwomba Mungu siku moja mnara ule utoe adhana. Halafu jicho lake likawaangukia wanawake wa Kikristo waliokuja kanisani, akashangaa: mavazi yao ni ya wanawake wa Kiislamu, hariri yenye nyuzi za dhahabu, ushungi, manukato, viatu vilivyonakshiwa, na ulimi wao ni wa Kiarabu fasaha.

Kurasa hizo hunukuliwa sana na wanaotaka kuonyesha udugu. Lakini msomaji aendelee kurasa chache mbele. Ibn Jubayr anasema Waislamu wa Palermo wana mitaa yao, masoko yao, kadhi wao na misikiti mingi, ila hotuba ya Ijumaa wamekatazwa. Wanalipa kodi mara mbili kwa mwaka. Katika kasri alikutana na watumishi wanaosali kwa siri, mmoja wao fundi wa kudarizi nguo za mfalme. Huko Trapani alimwona kiongozi mkuu wa Waislamu wa kisiwa, mtu wa ukoo mkubwa, aliyeporwa mali yake kwa kusingiziwa, akisema kwamba angependa auzwe yeye na jamaa zake, mradi kuuzwa kuwatoe katika nchi hiyo. Na alisikia habari ya baba aliyemtoa binti yake kwa hujaji mmoja amwoe na kuondoka naye, ili asije akaritadi akiwa Sisilia. Mtu anayempa binti yake mpita njia ameshaona mwisho wa watu wake.

Kiarabu cha serikali nacho kilikuwa na kazi yake. Madiwani ya mfalme, yaani ofisi zake, yalitunza orodha ndefu, kwa Kiarabu na Kigiriki, za majina ya wakulima wa Kiislamu: fulani bin fulani, mfumaji, mhunzi, mtoto wa kadhi. Zilikuwa orodha za watu waliofungwa na ardhi, na ardhi ilipotolewa, watu walikwenda nayo. Kanisa kuu la Monreale, lenye mozaiki nyingi na matao mazuri yanayosifiwa kuliko yote Sisilia, lilipewa mashamba makubwa na wakazi wake, na orodha za mwaka 1178 na 1183 zimehifadhiwa. Mimi huzitaja kila ninapoulizwa kuhusu Monreale. Mozaiki zile zililipiwa na ngano na jasho la watu ambao majina yao yameandikwa kwa khati nzuri.

Damu ilikuwa imekwisha kumwagika kabla Ibn Jubayr hajafika. Mwaka 1160 Mahdia ilitoka mikononi mwa Wanormani, na mwezi wa Novemba mwaka huo waziri Maio wa Bari, mwenye kujenga San Cataldo, aliuawa barabarani usiku. Mwaka uliofuata waasi wakaingia kasri la mfalme, na Waislamu wa mjini, maofisa, wafanyabiashara, watumishi, wakachinjwa. Mfalme William wa Pili alipofariki mwaka 1189 bila mtoto, mauaji yakarudi, na wengi wakakimbilia milimani. Mjukuu wa Roger, Frederick wa Pili, aliyejua Kiarabu na kupenda wanafalsafa wake, ndiye aliyemaliza kazi: kuanzia miaka ya 1220 aliwahamisha Waislamu wa Sisilia kwa maelfu mpaka Lucera, Italia bara. Huko walikaa mpaka mwaka 1300, mfalme mwingine alipouvunja mji wao na kuwauza utumwani. Wajukuu wa mafundi wa dari ile ya Palermo huenda walikuwa miongoni mwao.

Kanisa la Amiri likaendelea na maisha yake. Mwaka 1194 jirani yake palianzishwa nyumba ya watawa na Eloisa Martorana, na katika karne ya 15 watawa hao wakakabidhiwa kanisa lenyewe. Ndiyo maana watu wa Palermo hulijua zaidi kwa jina la Martorana. Inasimuliwa kwamba mwaka 1282, baada ya wenyeji kuwachinja Wafaransa katika uasi maarufu wa Pasaka, wakuu wa mji walikutana humu kumpa taji mfalme wa Aragon. Watawa walikuwa na ladha yao. Mwishoni mwa karne ya 17 walibomoa sehemu ya madhabahu ya George na mozaiki zake, wakajenga nyingine yenye mawe ya rangi na malaika wanono. Siwasamehe. Lakini watawa hao hao waliuachia mji matunda ya Martorana, yaani lozi zilizosagwa na sukari zikafinyangwa na kupakwa rangi zifanane na ndimu, tini na komamanga. Husimuliwa kwamba waliyatundika matunda hayo katika miti iliyopukutika majani, kumfurahisha mkubwa aliyekuja kuwatembelea. Ni matamu kupita kiasi. Binti wa ndugu yangu alinunua kilo nzima.

Karne ya 19 ililitazama kanisa kwa jicho jipya. Michele Amari, mzaliwa wa Palermo, aliandika kitabu juu ya uasi wa 1282, serikali ya wakati ule ikakasirika, akakimbilia Paris, na uhamishoni akajifunza Kiarabu. Alirudi na historia kubwa ya Waislamu wa Sisilia, akakusanya na kusoma maandishi ya Kiarabu yaliyobaki katika mawe ya kisiwa. Mhandisi Giuseppe Patricolo akaanza kuvua mapambo ya baadaye katika Martorana miaka ya 1870, na miaka ya 1880 akashika San Cataldo, lililokuwa limetumiwa kama ofisi ya posta. Akalibomolea nyongeza zote, akaliacha tupu, na kuba zake akazipaka nyekundu. Wekundu huo, ambao sasa umechapishwa katika mabango, kadi na mifuko ya wageni kama alama ya Uarabu wa Palermo, ni uamuzi wake Patricolo, uliotokana na dalili alizoona katika kanisa jingine la mji huo. Kwa baba yangu hilo lingekuwa kosa la kufukuzwa kazini: rangi ya chokaa hupakwa upya kila baada ya miaka kadhaa, na hakuna awezaye kuapa leo kwamba watu wa Maio waliona nyekundu hiyo hiyo.

Mwaka 2015 UNESCO iliandikisha Palermo ya Kiarabu na Kinormani, pamoja na makanisa makuu ya Cefalù na Monreale, kuwa urithi wa dunia. Majengo tisa yamo, Martorana na San Cataldo yakiwamo, na limo daraja alilojenga George mwenyewe juu ya mto Oreto. Mto ulihamishwa, na daraja sasa limesimama juu ya majani makavu. Mimi nafurahi kwa uandikishaji huo, kwa kuwa huleta fedha za kutengeneza paa. Ila jina hilo, Kiarabu na Kinormani, huwasahaulisha watu Wagiriki, waliochora karibu kila uso unaotutazama kutoka ukutani. Na humfanya msomaji adhani palikuwa na mkataba wa sawa kwa sawa. Palikuwa na mshindi mwenye akili, aliyejua thamani ya kazi ya wengine, akainunua, akaiteka au akairithi. Hilo nalo ni jambo kubwa. Washindi wengi hubomoa tu. Lakini tusilipake sukari.

Leo Martorana ni kanisa la Wakatoliki wa Italia wenye asili ya Albania, ambao mababu zao waliwakimbia Waturuki katika karne ya 15. Ibada yao ni ya Kigiriki, kama aliyoijua George, na baadhi ya nyimbo ni za Kialbania. Ukibahatika kufika Jumapili asubuhi utaliona kanisa likifanya kazi iliyokusudiwa, si kama jumba la makumbusho.

Ndugu msomaji, ukienda, vaa nguo za kufunika mabega, uchukue darubini ndogo kwa ajili ya mbao za chini ya kuba, na usiishie Piazza Bellini. Tembea mpaka kasri la Zisa, ambalo lina mkusanyiko wa vitu vya Kiislamu. Humo kuna jiwe la kaburi la mwanamke aitwaye Anna, aliyefariki mwaka 1148, mwaka ule ule George alipouteka mji wa Mahdia. Mwanawe Grisanto, padre wa mfalme, alimwandikia katika lugha tatu na khati nne: Kilatini, Kigiriki, Kiarabu, na Kiarabu kwa herufi za Kiebrania. Kila sehemu inataja tarehe kwa kalenda yake.